Nusu Mtu na Ng'ombe Mwekundu

Septemba 6, Jumamosi

Naandika haya ili baadaye mtu asije akabisha. Mimi Ryogo, miaka kumi na saba, shule nimeiacha mwenyewe kabla haijaniacha, leo nimepanda kutoka Kumamoto mjini mpaka kijiji cha Kazeura kuokoa nyumba ya bibi yangu. Basi lilipokata kona ya mwisho, nyika ikafunguka yote, kijani tupu mpaka kwenye mdomo wa mlima unaotoa moshi. Abiria wawili wa kiti cha nyuma wakasema, "Aaa!" Mimi kimya. Mwenye mali hashangai mali yake.

Bibi Sueno alinipokea kituoni na pikapu. Kwanza akatazama miguu yangu.

"Hivyo ndio viatu?"

"Bibi, hivi mjini watu wanapanga foleni kuvinunua."

"Basi na nyoka wa huku watapanga foleni."

Mambo yenyewe yako hivi. Nyika ni ya kijiji kizima. Kila mwaka baridi ikiisha inachomwa moto, ziote nyasi changa, ng'ombe wale. Isipochomwa, vichaka vinaimeza na habari yake imekwisha. Lakini kabla ya moto ule mkubwa, wakati wa vuli, lazima pembezoni pakatwe ukanda mpana kati ya nyika na misitu, ili moto ukifika pale ukose cha kula. Kila nyumba inaleta mtu mmoja wa kukata. Nyumba ikikosa mtu vuli mbili mfululizo, inapoteza haki ya malisho. Babu alishatuacha, na vuli iliyopita nyumba yetu haikuleta mtu. Magoti ya Bibi hayapandi mlima tena. Kwa hiyo mwaka huu ni mimi, la sivyo Tsubaki na ndama wake wanashushwa nyikani na kupelekwa mnadani.

Tsubaki ni ng'ombe. Mwekundu, kope ndefu kama dada wa kwenye tangazo la sabuni. Bibi anaongea naye kuliko anavyoongea na mimi.

Septemba 7, Jumapili

Leo tumeitwa majina. Msimamizi wa nyika ni Mzee Iwashita, mfupi, mpana, sauti kama honi ya lori la magogo. Aliita nyumba moja moja, na kila nyumba ikawa inajibu, "Mmoja!"

"Nyumba ya Sueno!"

"Mmoja!" nikaitikia, kwa sauti ya kiume kabisa.

Akanikagua kuanzia utosini, akateremka taratibu mpaka kwenye vile viatu.

"Nusu," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mimi si mtu wa kunyamaza, nikauliza, "Nusu ipi, Mzee? Ya juu au ya chini?"

"Ile inayofanya kazi. Bado haijashuka kwenye basi."

Kisha akaweka sheria mbele ya wote. Huku kuna msemo kwamba mtu ni kipande chake. Kila mmoja anapewa kipande cha ukanda, anakata, anasafisha. Mwezi wa kumi mabaki yanachomwa kwa moto mdogo, ukanda ubaki udongo mtupu. "Kipande chako kikiupita moto ule salama, wewe ni mtu mmoja. Kisipopita, nyumba ya Sueno haikuleta mtu. Umesikia?"

"Nimesikia. Na nitamaliza wa kwanza."

"Wa kwanza!" akawaambia wenzake. "Nusu anataka kumaliza wa kwanza."

Kipande alichonipa kiko juu ya msitu wa mierezi, mteremko umesimama kama ukuta wa bafu. Mahali pengine ardhi imelala vizuri kama godoro. Mzee huyu ananichukia, na sijui nimemkosea nini zaidi ya kuwa na sura nzuri.

Septemba 8

Mikono imevimba. Nimemwambia Bibi ni misuli inaota.

Septemba 10, Jumatano

Mashine ya kufyekea ya babu ilikuwa inanitupa huku na huku leo, mpaka akaja Chinatsu. Huyu ni mjukuu wa Mzee Iwashita, amenizidi miaka miwili, na wageni wakianza kuja huwa anawauzia mahindi ya kuchoma pale wanapoegesha magari. Alisimama, mikono kiunoni, akanitazama.

"We mtoto wa mjini, hiyo mashine mbona unaishika kama unacheza dansi na mtu asiyekutaka?"

"Nikicheza na wewe nitashika vizuri."

"Ukicheza na mimi utakatika mguu." Akaninyang'anya, akaivaa mkanda begani, akanionyesha. Unaanza chini unapanda, unazungusha kiuno badala ya mikono, nyasi zinalala zenyewe upande mmoja. Anafyeka kama mtu anayepaka siagi. Sikumsifia. Akisifiwa huyu atavimba, na mlima hautoshi watu wawili waliovimba.

Septemba 11

Kiuno.

Septemba 14, Jumapili

NIMEMALIZA. Wa kwanza kijiji kizima! Wenzangu, watu wazima wenye ndevu, bado wanahangaika. Siri yangu ni akili. Wao wakishakata wanakusanya nyasi na kuzipandisha juu, wanahema kama mbwa. Mimi nikajiuliza, mlima si umeinama? Nikazisukuma kwa reki, zikaserereka zenyewe mpaka chini, zikajipanga lundo zuri kando ya mierezi. Asubuhi moja tu, ukanda safi kama sinia. Nimekula matonge matano ya wali nikiwa nimekaa juu, nikiwatazama wengine wanavyoteseka.

Bibi ameniuliza, "Umemaliza kweli?" Nikamwambia, Bibi, mwambie Tsubaki afungue mizigo, hapati safari.

Septemba 16

Mvua. Nimelala.

Septemba 23, Jumanne

Siku ya sikukuu, na wageni wameanza kumiminika. Nyasi za susuki, ndefu kunizidi, zimetoa vichwa vyao vya manyoya, bado vina wekundu kidogo. Vikikomaa vitakuwa vyeupe, na jua la jioni likipita katikati yake watu wazima na akili zao watalia machozi. Kila mwaka wanalia. Wanashuka kwenye magari wamevaa jaketi za bei mbaya, wanatembea hatua kadhaa, wanasema, "Upepo una sauti!" Upepo wa wapi usio na sauti?

Mmoja tu ndiye wa maana. Anaitwa Mama Kitabatake, mwalimu mstaafu kutoka Osaka, ana kamera yenye miguu mitatu na mdomo kama mzinga. Amepanga chumba kwa majirani, atakaa vuli yote. Alikuja kipande changu kwa sababu kutoka pale nyika yote inaonekana.

"Kijana, nikupige picha? Umesimama vizuri."

Huyu anajua kitu kizuri akikiona. Nikaweka reki begani, nikainua kidevu. Nyuma yangu nyika, chini yangu ukanda safi, mierezi ile mirefu. Ameniahidi kunitumia kwenye simu.

Septemba 25, Alhamisi

Siku mbaya. Nitaandika yote, hata yale yanayouma, maana nisipoandika mimi ataandika Chinatsu.

Picha imefika. Kwa kweli nimetoka kama tangazo la filamu. Jioni wanaume walikuwa wamekaa kwenye kibanda cha vifaa wakinywa chai. Nikaingia, nikamwekea Mzee Iwashita simu mbele ya pua.

"Mzee, tazama. Hicho ndicho kinaitwa kipande. Nusu mtu kafanya hivyo. Angekuwa mzima ingekuwaje?"

Akavaa miwani. Akatazama. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. Sura yake ikawa ya mtu aliyeuma pilipili akidhani ni nyanya.

"Hili hapa chini," akasema polepole, "hili lundo. Ni nini?"

"Nyasi zangu. Nilizisukuma chini. Akili, Mzee."

Hata birika liliona aibu kuchemka. Kisha mmoja akatema chai, na kibanda kizima kikalipuka. Walicheka mpaka mzee mmoja akashika ukuta.

Mzee Iwashita hakucheka. "Ryogo. Ukanda tunaukata kwa ajili gani?"

"Kuzuia moto usifike msituni."

"Na wewe umechukua nyasi kavu zote za mteremko mzima, umezibeba kuzipeleka wapi?"

Hapo ndipo nikaliona. Nilikuwa nimejenga jiko, halafu kuni nikazipanga chini ya kitanda cha jirani. Nyasi zilizokatwa huwa zinarudishwa upande wa nyika, upande utakaochomwa, na ndiyo maana wenzangu walikuwa wanapandisha wakihema. Cheche moja tu ikishuka kwenye lundo langu, msitu wote kwaheri. Hata mtoto mdogo wa Kazeura analijua hilo. Mimi nimeliweka kwenye picha.

"Moto ni mwezi ujao, tarehe kumi na nane," Mzee akasema. "Lundo likiwa bado pale, kipande chako sikichomi. Na kisipochomwa hakijapita. Unajua maana yake."

Najua. Maana yake ina kope ndefu, na hivi sasa iko nyikani inacheua, haijui kitu.

Bibi sijamwambia.

Septemba 26

Bibi anajua. Kijiji hiki habari zake hazihitaji mtandao.

Septemba 28, Jumapili

Tangu jana napandisha nyasi. Nafunga mzigo kwa kamba, nauweka mgongoni, napanda kwa mikono na magoti. Nikifika juu mzigo umevuja nusu njiani. Nikiwa chini nalitazama lundo, silioni likipungua. Nadhani linazaa.

Chinatsu alikuja na mahindi mawili. "Babu kasema nisikusaidie."

"Nani kakuomba?"

"Ndiyo maana nimeleta mahindi tu."

Nikamwambia babu yake ni katili, kanipa makusudi kipande kibaya kuliko vyote. Akaacha kutafuna.

"We hujui hii mierezi ni ya nani?"

"Ya nani?"

"Ya Babu. Aliipanda na Bibi yetu mwaka waliooana. Bibi yetu ameshafariki, ila Babu bado anakuja kuipogoa peke yake, anaongea nayo."

Sasa sielewi. Kama ananidharau, kwa nini ameniweka mimi nilinde miti yake? Nilikula hindi lote bila kusema kitu, na mtu anayenifahamu anajua hiyo ni hali ya hatari.

Oktoba 1

Kimbunga kinakuja. Tumefunga mabati.

Oktoba 3, Ijumaa

Kimepita. Nyumba iko salama, ng'ombe wako salama. Lundo limelowa mpaka moyoni, kila mzigo sasa una uzito wa mtu mzima aliyekasirika. Nimepandisha mitatu nikateleza na wa nne mpaka kwenye mizizi ya mierezi. Nimelala pale chali, nikatazama juu miti inavyoyumba. Sikulia. Yalikuwa maji ya kwenye majani.

Oktoba 4, Jumamosi

Bibi kanipandisha darini. Chini ya mikeka mibovu nikachomoa tandiko la mbao, la kubebea mizigo, la zamani, ngozi imekauka kama samaki wa kuning'inizwa.

"La babu yako. Zamani nyasi hazikupandishwa na watu. Zilipandishwa na ng'ombe."

"Tsubaki?"

"Mama wa mama yake alifanya kazi hii. Damu haisahau."

"Yeye mwenyewe amewahi kubeba?"

"Hajawahi," Bibi akasema. "Kama wewe tu."

Tumelipaka mafuta jioni nzima.

Oktoba 5, Jumapili

Damu imesahau.

Alikubali tandiko. Alikubali hata mzigo, kila upande matita mawili. Tatizo ni kutembea. Nikavuta kamba, akakita miguu ardhini. Nikamsukuma nyuma, akanipiga na mkia usoni. Nikambembeleza, nikamtukana, nikamwimbia. Akalala chini! Na mzigo mgongoni, katikati ya mteremko, akaanza kucheua kama mgeni aliyelipia chumba.

Na wageni je? Susuki sasa imekuwa nyeupe kabisa, nyika nzima inameta, na ni Jumapili. Walijipanga juu ya ukanda na simu zao. "Jamani, anapendeza!" Walikuwa wanamsema ng'ombe. Nikaona, basi, kama ni picha, na wapate picha. Nikasimama kando yake, mkono kwenye pembe, tabasamu. Nimepigwa picha nyingi sana. Nyasi nilizopandisha: hamna.

Oktoba 6, Jumatatu

Leo Bibi alikuja mwenyewe, kwa pikapu kisha kwa mkongojo, akakaa juu ya jiwe akatazama. Baada ya muda akaniita.

"Mjukuu wangu, kwa nini unamtazama?"

"Nimtazame nani?"

"Ng'ombe. Unavuta hatua moja, unageuka kumtazama. Hatua moja, unageuka. Ng'ombe hamfuati mtu anayemtazama. Akiona umegeuka anajua hata wewe huna hakika na njia. Anamfuata mtu anayejua anakokwenda."

"Na kama hajanifuata?"

"Kamba itakwambia."

Nikashika kamba, imelegea mkononi. Nikatazama juu, mahali susuki inapoanza, nikaanza kupanda. Shingo ilitaka kugeuka yenyewe, nikaikatalia. Hatua ya kwanza kamba ikakaza. Nikaendelea. Ikalegea. Nyuma yangu nikasikia kwato kwenye matope, fyata, fyata, na pumzi ya moto kwenye kiwiko changu.

Nilipofika juu ndipo nikageuka. Tsubaki alinitazama kana kwamba yeye ndiye aliyenileta.

Bibi alikuwa amefumba macho. Nikadhani kasinzia. "Babu yako naye alianza hivyo hivyo," akasema. "Alikuwa anageukageuka. Alijiona mzuri."

Oktoba 7

Mizigo mingi. Hakuna cha kusema, napanda na kushuka.

Oktoba 8

Kama jana. Tsubaki sasa anajua njia, akifika chini anasimama mwenyewe kando ya lundo na kusubiri nimpakie, kama dereva wa teksi.

Oktoba 11, Jumamosi

Mama Kitabatake kasema picha zangu na Tsubaki watu wamezipenda sana huko mtandaoni alikozipeleka. Leo wageni walikuja wakiuliza, "Yule kijana wa ng'ombe yuko wapi?" Chinatsu kauza mahindi mpaka akaishiwa, hana shukrani hata kidogo.

"Kijana wa ng'ombe, eti," akaniambia. "Ningekuwa Tsubaki ningedai jina langu litangulie."

Wageni wananiita huku napanda: "Kijana, geuka! Geuka kidogo!" Mateso haya hamuwezi kuyajua. Nywele zangu leo zilikuwa vizuri kabisa. Sijageuka.

Mzee Iwashita alipita chini, kati ya mierezi yake, na msumeno wa kupogolea. Nikamwuliza palepale, maana jambo likinikaa kooni silali.

"Mzee, kwa nini ulinipa kipande hiki? Miti si yako?"

"Ndiyo yangu."

"Basi uliniamini."

Akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeomba mshahara. "Hakuna mwingine aliyekitaka. Kila mtu anajua mti wangu mmoja ukiungua nitapiga kelele mpaka nife." Akaendelea na safari yake. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Tandiko la babu yako limekaa mbele mno. Lirudishe nyuma kidogo, litamchubua bega."

Nimelirudisha. Alikuwa sahihi, mshenzi yule.

Oktoba 15, Jumatano

LUNDO LIMEKWISHA. Nimefagia mpaka udongo ukaona haya. Tsubaki nimempa mahindi ya Chinatsu, ya wizi.

Oktoba 17

Upepo umebadilika. Kesho ni moto. Bibi ameweka wali wangu mara mbili.

Oktoba 18, Jumamosi

Niandike kabla sijasahau.

Wageni walizuiwa kule barabarani, wakasimama na kamera zao kama mashabiki. Kila mtu akawekwa kwenye kipande chake, upande wa msitu, na pipa la maji mgongoni na fimbo ndefu ya kupigia moto. Mimi nikawekwa peke yangu chini ya mteremko, mierezi nyuma ya kisogo. Mzee Iwashita akawasha juu.

Moto wa ukandani si mkubwa. Unatambaa unalamba vishina, unateremka polepole kama mzee anayeshuka ngazi. Kwenye vipande vya wenzangu ulifika udongoni ukafa, ukafa, ukafa. Wakaanza kupiga mayowe ya furaha, kipande baada ya kipande, mayowe yanasogea kuelekea kwangu.

Kwangu ulishuka vizuri. Nikaona udongo wangu unaupokea, unauzima. Nikafungua mdomo nipige yowe langu, nilikuwa nimeliandaa tangu asubuhi. Hapo upepo ukageuka kutoka upande wa mlima, na mkono wa kulia nikasikia mlio, kama mtu anakunja karatasi.

Kulikuwa na kichaka cha miiba pembeni kabisa mwa kipande changu. Chini yake, mahali reki haikufika, lilibaki fungu dogo la nyasi zile nilizosukuma mimi mwenyewe Septemba. Limekaa pale likikauka, likinisubiri. Cheche iliruka ikaingia. Ikawaka palepale, na mwerezi wa kwanza uko hatua mbili tu.

Sikufikiri. Nikawahi, nikapiga. Nikapiga tena. Moto ukapanda kwenye gome la mwerezi, kimo cha goti, kimo cha kiuno. Nikamwaga maji yote, nikavua jaketi (lile la mjini, la foleni kama viatu), nikalikumbatisha mti ule, nikaukumbatia na mimi juu yake. Nikabaki hivyo. Nilisikia watu wanakimbia. Nikasikia sauti ya honi: "Ryogo! Toka hapo!" Sikutoka. Mpaka nikasikia chini ya kifua changu kumepoa.

Moto ulikwisha. Nyasi nyingine hazikuguswa, mti mwingine haukuguswa. Mwerezi mmoja umebaki na ugoko mweusi.

Mzee Iwashita akaja. Hakunitazama. Akaweka kiganja kwenye sehemu ile nyeusi, akakiacha pale muda mrefu, midomo ikicheza, labda anaongea nao, labda anaongea na marehemu mkewe. Niliposema, "Mzee, hilo fungu ni mimi..." akainua mkono ninyamaze.

"Mzee, je, kimepita?"

"Siku ya kuteremsha ng'ombe kwenda zizini," akasema, "nitaita majina." Akaenda zake. Zile kelele alizoahidi hakupiga, na hilo ndilo limenitisha.

Oktoba 19

Nyusi moja imeungua. Chinatsu kaniangalia kwa muda mrefu, kisha kachora nyingine kwa makaa. Hakucheka. Alicheka baadaye.

Oktoba 23

Nimekwenda kuutazama mwerezi. Majani ya juu bado ya kijani.

Oktoba 26

Bado ya kijani. Nimemkuta Mzee pale. Hatukusalimiana, kila mtu akajifanya kapita njia tu.

Oktoba 30

Baridi ya kwanza, nyasi zote zimevaa barafu. Bibi alimpiga Tsubaki mswaki mwili mzima, mpaka kwenye mkia. Nikamwuliza, anampambia mnada? Akasema, "Nampambia safari. Inakokwenda si kazi yangu."

Mama Kitabatake amefunga mizigo yake. Kanipa picha moja iliyochapwa. Siyo ile ya reki begani. Hii amepiga kutoka nyuma, Tsubaki na mzigo, mimi mbele, susuki nyeupe imetuzidi wote kimo. Uso wangu hauonekani kabisa.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," akasema. Nilitaka kubisha.

Novemba 2, Jumapili

Kijiji kizima kilikusanyika getini mwa nyika na kamba mikononi. Ng'ombe wenyewe walishasogea, wanajua majira. Wageni wa mwisho mwisho nao wapo, na susuki imeanza kuchakaa, manyoya yanapeperuka yanakaa kwenye nywele za watu, kila mtu akaonekana mzee.

Mzee Iwashita akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyumba moja moja. "Mmoja!" "Mmoja!" "Mmoja!" Kila aliyejibu anafunguliwa geti, anaingia kuchukua ng'ombe wake ampeleke zizini, warudi wote baridi ikiisha. Bibi alikuwa pembeni yangu, ameshika mkono wangu kwa nguvu za mtu mwenye magoti mazima.

"Nyumba ya Sueno!"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa na majibu kama manne hivi, yote ya kuchekesha, nimeyafanyia mazoezi bafuni. Nikaukumbuka ule ugoko mweusi.

"Nusu," nikasema.

Hata Chinatsu aliacha kutafuna.

Mzee Iwashita akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Ryogo, shule uliacha darasa la ngapi?"

"Sekondari, mwaka wa pili."

"Inaonekana uliacha siku ya hesabu. Mwerezi wangu una ganzi kidogo mguuni, utapona. Nyumba ya Sueno ilileta wawili. Wawili!"

"Wawili?" sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya ndama.

"Wewe na Tsubaki. Usivimbe, mtu mzima ni yeye."

Kicheko kile nilikisikia mpaka kwenye nyayo. Bibi aliachia mkono wangu ili apate kujifuta pua. Geti likafunguliwa. Nikaingia, nikamfunga Tsubaki kamba, ndama akajipanga nyuma ya mama yake, tukaanza kushuka kwenda nyumbani. Wageni walijipanga kando ya njia. "Kijana wa ng'ombe! Tazama huku!" Na Chinatsu, ambaye ana roho mbaya kuliko wote: "Ryogo! Nyusi yako imeota, geuka tuione!"

Sikugeuka. Kamba ilikuwa imelegea mkononi.

Nimeuliza nyumba zote, nikauliza na wazee. Tangu kijiji kianze kuita majina, hakuna nyumba nyingine iliyowahi kuhesabiwa wawili. Naandika ili mtu asije akabisha.